Kielekezi na Herufi: Kuhusu Kuhamisha Programu za Maandishi Kutoka Lugha Moja ya Kompyuta Hadi Nyingine

1. Utangulizi

Suala la tafsiri limejadiliwa kwa mapana na wataalamu wa lugha, lakini mjadala huo kwa kawaida umehusu lugha za wanadamu. Ipo tafsiri ya aina nyingine ambayo kazi ya mwanaisimu wa leo huitegemea bila ya yeye mwenyewe kuitambua. Hiyo ni kuhamisha programu kutoka lugha moja ya kompyuta hadi nyingine. Mfano ulio karibu ni ule wa mofolojia ya ngazi mbili. Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alipoieleza nadharia hiyo mwaka 1983, programu yake ya kwanza iliandikwa kwa lugha ya Pascal. Haukupita muda mrefu kabla ya nadharia hiyo kuandikiwa programu nyingine kwa Lisp huko Texas. Na mwaka 1990 shirika la SIL likatoa programu ya PC-KIMMO iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kiswahili nacho kiliingia katika safari hiyo mapema, kwani Arvi Hurskainen alianza kukichambua kwa kuifuata nadharia hiyohiyo tangu mwaka 1985.

Safari za namna hiyo hazijakoma. Programu za kukagua tahajia, za kuchambua maneno na za kuhesabu msamiati zilizoandikwa kwa C huandikwa upya kwa Java, Go, Rust na lugha nyinginezo. Katika kazi hiyo hakuna jambo linaloleta taabu kama namna ya kushughulikia maandishi yenyewe. Kosa likiisimamisha kompyuta, huonekana na kusahihishwa. Lakini kosa linaloyaacha maneno kadhaa nje ya orodha halionekani; hupita kimya, likaingia katika takwimu, na kutoka katika takwimu likaingia katika kamusi.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya taabu hiyo, kuonyesha jinsi tafsiri sisisi inavyoiharibu programu, na kupendekeza njia ya kuhamisha bila kupoteza maana wala kasi.

2. Mfuatano wa herufi katika lugha ya C

Kumbukumbu ya kompyuta yaweza kufananishwa na safu ndefu ya visanduku, kila kisanduku kikiwa na nambari yake na kikibeba baiti moja. Katika lugha ya C, mfuatano wa herufi ni herufi zilizopangwa katika visanduku vinavyofuatana, kisha baada ya herufi ya mwisho huwekwa baiti yenye thamani ya sifuri iwe alama ya kikomo. Neno *kitabu* basi huchukua visanduku saba: sita vya herufi na kimoja cha sifuri. Kielekezi ni nambari tu ya kisanduku cha kwanza. Hakisemi neno lina urefu gani. Husema tu linaanzia wapi.

Mpango huu una matokeo matatu. Kwanza, kupata mkia wa neno hakugharimu chochote. Kielekezi kikisogezwa mbele hatua mbili kutoka mwanzo wa *kitabu*, mara moja kinaelekeza kwenye *tabu*; hakuna herufi iliyohamishwa wala kunakiliwa. Kwa mchambuzi wa lugha ya Kibantu, ambaye kazi yake kubwa ni kuvua viambishi vya mwanzo, neema hiyo si ndogo. Neno *walipotusaidia* huvuliwa *wa-*, kisha *-li-*, kisha *-po-*, kisha *-tu-*, hadi kubaki *saidia*, na muda wote huo neno limelala palepale lilipokuwa. Pili, maandishi yaweza kubadilishwa yalipo, na kila kielekezi kinachoyaelekea kitayaona mabadiliko hayo. Tatu, na hapa ndipo gharama ilipo, urefu haujulikani mpaka herufi zihesabiwe moja moja hadi sifuri ifikiwe.

Mpango huo haukuwa wa lazima. Katika BCPL, lugha iliyobuniwa na Martin Richards wa Cambridge mwaka 1967, idadi ya herufi iliwekwa mwanzoni mwa mfuatano. Ken Thompson katika lugha ya B, na Dennis Ritchie aliyeikuza hiyo kuwa C katika maabara za Bell mnamo miaka ya 1971 hadi 1973, waliuacha mtindo huo wakachagua alama ya kikomo. Ritchie alieleza baadaye kwamba hesabu iliyohifadhiwa katika nafasi ya biti nane au tisa iliwekea maandishi mpaka wa urefu, na kwamba kuitunza hesabu hiyo kulionekana kuwa na usumbufu zaidi kuliko kutumia kikomo. Mpaka huo ulidhihirika katika Pascal ya UCSD, ambamo baiti moja ya hesabu haikuruhusu zaidi ya herufi 255.

Uhuru wa C nao ulikuwa na bei. Kwa kuwa kielekezi hakijui mwisho wa nafasi iliyotengwa, programu yaweza kuandika kupita mpaka bila kuonywa. Mnamo Novemba 1988 programu haribifu iliyoandikwa na Robert Morris ilienea katika mtandao wa kompyuta wa wakati huo, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea programu nyingine baiti 536 mahali palipotengewa 512. Amri iliyoruhusu jambo hilo, `gets`, iliondolewa rasmi katika kanuni za lugha ya C mwaka 2011. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya watu kutaka kuzihamisha programu zao kutoka C.

3. Kielekezi kimoja, kazi tatu

Mfasiri anayekutana na neno *kaa* hawezi kulifasiri kabla ya kujua kama limekusudiwa kuwa mnyama wa majini, kipande cha makaa, au tendo la kuketi. Kielekezi katika C ni neno la namna hiyo. Umbo lake ni moja, lakini hufanya kazi tatu zilizo mbalimbali.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha *mahali*: programu imefika wapi katika kuyasoma maandishi. Kazi ya pili ni kuonyesha *kipande*: sehemu fulani ya maandishi, kwa mfano shina la neno, inayotazamwa bila kuondolewa ilipo. Kazi ya tatu ni *umiliki*: kielekezi ndicho kinachoshikilia maandishi, na kikipotea bila kumbukumbu hiyo kurudishwa, nafasi hiyo imepotea. Lugha ya C haina alama ya kuzitenganisha kazi hizi. Mwandishi wa programu huzitenganisha akilini mwake, na pengine katika maelezo pembeni. Lugha zilizokuja baadaye huzitenganisha waziwazi. Kwa hiyo mwenye kuhamisha programu analazimika kukiuliza kila kielekezi swali ambalo C haikuwahi kukiuliza: wewe u mahali, u kipande, au u mmiliki?

4. Gharama ya tafsiri sisisi

Lugha ya Java ilitolewa mwaka 1995. Maandishi yake hayabadiliki: yakishaundwa hubaki yalivyo, na kila badiliko huzaa maandishi mapya. Urefu wake hujulikana papo hapo, wala hakuna sifuri ya kikomo. Mtu akikuta katika C kielekezi kinachosogezwa hatua moja mbele, tafsiri inayomjia upesi ni amri ya `substring`, yaani kuchukua maandishi yote isipokuwa herufi ya kwanza. Maana imehifadhiwa. Je, gharama nayo imehifadhiwa?

Jibu la swali hilo lina historia yenye mafunzo. Kwa miaka mingi, kipande kilichotolewa na `substring` hakikuwa nakala. Kilishirikiana na maandishi ya awali safu ileile ya herufi, kikiwa na nambari mbili tu za ziada: pa kuanzia na idadi. Tafsiri sisisi ilienda vizuri. Hata hivyo ushirika huo ulileta tatizo jingine. Programu iliyosoma kitabu chote chenye herufi 1,000,000 na kuweka neno moja tu la herufi kumi, ilijikuta ikishikilia kumbukumbu ya kitabu kizima, takriban baiti 2,000,000, kwa ajili ya neno hilo moja. Ili kuliondoa tatizo hilo, watunzaji wa Java waliubadilisha utaratibu mwaka 2012, katika toleo la 7 lililosasishwa mara ya sita. Tangu hapo kila kipande ni nakala kamili.

Katika programu zenyewe haikubadilika hata herufi moja, wala majibu yake hayakubadilika. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa chini kwa chini. Chukua programu inayoyasoma maandishi ya herufi 1,000,000 kwa kuivua herufi ya mbele moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza hunakiliwa herufi 999,999, mara ya pili 999,998, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Jumla yake ni herufi 499,999,500,000, ilhali kazi yenyewe ilihitaji kusoma herufi milioni moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimefurika. Neno moja kama *walipotusaidia* halisumbui, kwani nakala zote za kulivua viambishi vinne ni herufi 36. Lakini taabu huzidi kadiri maneno yanavyoongezeka na kadiri msomaji wa programu anavyokata kutoka katika ukurasa mzima badala ya kukata kutoka katika neno.

Dawa yake ni nyepesi pindi kazi ya kielekezi ikishajulikana. Kielekezi cha *mahali* hakifasiriwi kwa kipande bali kwa nambari. Maandishi huachwa yalivyo, na nambari ya mahali ndiyo inayosogezwa. Java yenyewe inazo amri zinazofaa: `startsWith` hupokea nambari ya mahali pa kuanzia, na `regionMatches` hulinganisha sehemu mbili bila kuzikata. Kiambishi *-li-* kinaweza basi kutafutwa kuanzia herufi ya tatu ya *walipotusaidia* pasipo nakala yoyote. Shina likishapatikana na likihitajika kuhifadhiwa katika orodha ya msamiati, hapo ndipo linaponakiliwa, mara moja tu.

Hali ni hiyohiyo kwa kuunganisha. Kujenga maandishi marefu kwa kuongeza neno moja moja juu ya maandishi yasiyobadilika ni kuyanakili yote kila mara. Java ina chombo cha kujengea, `StringBuilder`, ambacho hukua kadiri kinavyojazwa.

Ifahamike pia kwamba kosa hili husafiri pande zote mbili. Katika Java kuuliza urefu wa maandishi hakuna gharama. Mtu anayehamisha kitanzi cha Java kuingia C, akauliza `strlen` kila mzunguko, huifanya kompyuta ihesabu maandishi yote upya kwa kila herufi. Programu iliyokuwa nyepesi huwa nzito, na kosa halionekani kwa kuisoma, kwa sababu kila mstari umefasiriwa sawasawa.

5. Kipande kisicho nakala

Lugha nyingine zimerudi kwenye wazo la kushirikiana. Katika Go, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2012, maandishi ni kielekezi kikiambatana na urefu. Kukata kipande hakunakili chochote, na kwa hiyo tafsiri sisisi ya kielekezi cha C hubaki na wepesi wake. Lakini tatizo lililoihangaisha Java kabla ya 2012 lipo palepale: kipande kidogo hushikilia maandishi makubwa. Ndiyo sababu mwaka 2022 toleo la 1.18 liliongeza amri ya `strings.Clone`, ambayo kazi yake ni kutengeneza nakala kwa makusudi. Neno linaloingia katika orodha ya kudumu lifanyiwe hivyo. Neno linalotazamwa na kuachwa lisifanyiwe.

Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, imeitenganisha kazi ya kipande na ile ya umiliki kwa aina mbili zenye majina tofauti: `String` humiliki, na `&str` huazima. Kompaila hukataa programu ambamo kilichoazimwa kinadumu kuliko mwenye mali. C++ nayo ilipata kipande cha kuazima, `string_view`, katika kanuni za mwaka 2017, lakini bila ulinzi huo. Mwenye mali akiondoka, aliyeazima hubaki akielekea mahali pasipo na kitu. Kwa mhamishaji, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya kasi. Rust humlazimisha kusema jambo ambalo mwandishi wa C alilinyamazia.

6. Kikomo kilichotoweka

Sifuri iliyo mwishoni mwa maandishi ya C si alama ya urefu tu. Mara nyingi programu huitegemea iwe ukuta. Programu ya kutenga sauti za Kiswahili ikikuta herufi *n*, lazima iangalie herufi inayofuata, kwani huenda ni *ny* au *ng'*. Ikikuta *s*, *d*, *t*, *g*, *k* au *c*, hutazama kama inafuatwa na *h*. Katika C, kuangalia herufi inayofuata ni salama hata mwishoni mwa neno, kwa sababu kitakachoonekana ni sifuri, nayo si *y* wala *g* wala *h*.

Katika Java na Go hakuna sifuri hiyo. Kuomba herufi iliyo baada ya mwisho ni hitilafu, na programu husimama. Kwa Kiswahili kosa hili lina hila ya pekee. Maneno mengi ya lugha hii huishia kwa irabu. Kwa hiyo programu yaweza kupita kurasa nyingi bila tatizo. Huanguka inapofika kwenye *Hassan*, *Ramadhan*, *Sudan* au *Muhammad*. Mhamishaji mwenye haraka huizima hitilafu hiyo kwa kuiagiza programu iruke neno lolote linaloleta taabu. Programu inaendelea, matokeo yanatoka, na majina ya watu na ya nchi yameachwa nje ya orodha bila ya mtu kuarifiwa. Anayeyasoma matokeo hayo huenda akatoa hitimisho kuhusu konsonanti za mwisho katika Kiswahili, kumbe anasoma tabia za programu yake.

Hali kinyume nayo hutokea. Katika Java na Go, sifuri ni thamani kama thamani nyingine na yaweza kuwa katikati ya maandishi. Maandishi hayo yakirudishwa kwa programu ya C, hukatwa palepale sifuri ilipo. Wabunifu wa Java waliliona jambo hilo; katika njia inayotumiwa na Java kupeleka maandishi kwa programu za C, sifuri huandikwa kwa baiti mbili ili isidhaniwe kuwa kikomo.

7. Herufi si baiti

Hadi hapa imechukuliwa kwamba kila herufi ni baiti moja. Kwa Kiswahili kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, dhana hiyo imekuwa kweli tangu ASCII ya mwaka 1963, na ukweli huo ndio uliowadanganya wengi. Leo maandishi mengi huhifadhiwa kwa UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ambamo herufi huchukua baiti moja hadi nne. Sehemu mbili za Kiswahili huathirika.

Ya kwanza ni alama ya *ng'*. Mwandishi akitumia alama iliyonyooka ya ASCII, neno *ng'ombe* ni baiti saba. Programu za kuchapa, hata hivyo, mara nyingi huigeuza kuwa alama iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu. Neno huwa baiti tisa. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili tofauti, na orodha ya msamiati itakuwa na ng'ombe wawili. Katika Java gharama ni kubwa zaidi kuliko inavyodhaniwa. Tangu toleo la 9 la mwaka 2017, maandishi ambayo herufi zake zote zimo katika seti ya Latin-1 huhifadhiwa kwa baiti moja kila herufi. Alama iliyopinda haimo katika seti hiyo. Alama moja tu ya namna hiyo katika ukurasa ulioshikwa kama mfuatano mmoja huufanya ukurasa wote uhifadhiwe kwa baiti mbili kila herufi. Kuisawazisha alama hii mlangoni, maandishi yanapoingia, ni kuokoa usahihi na nafasi kwa pamoja.

Ya pili ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyo katika hati za tenzi za Lamu na Mombasa. Katika UTF-8 kila herufi ya Kiarabu ni baiti mbili, na kila alama ya irabu ni baiti mbili nyingine. Neno *baba*, likiandikwa kwa be, alifu, be, alifu, ni herufi nne na baiti nane. Kielekezi cha C kinachosogezwa baiti moja kitatua katikati ya herufi. Go huhesabu nafasi kwa baiti, na kukata mahali pabaya hutoa kipande kibovu bila onyo. Rust husimama papo hapo. Java huhesabu kwa vipimo vya biti 16, kwa hiyo herufi haipasuliwi, lakini alama ya irabu yaweza kutenganishwa na konsonanti yake. Urefu basi una maana tatu: wa baiti, wa vipimo vya lugha ya kompyuta, na wa herufi kama azionavyo msomaji. Ya nne, ambayo humhusu mwanaisimu, ni idadi ya sauti, kwani kwake *ng'* ni moja.

8. Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, hatua zifuatazo zinafaa kufuatwa.

(a) Kabla ya kuandika mstari wa lugha mpya, kila kielekezi cha programu ya zamani kipewe jina la kazi yake: mahali, kipande au mmiliki. Mahali pafasiriwe kwa nambari. Kipande kwa mwanzo na mwisho. Mmiliki kwa maandishi kamili.

(b) Nakala ifanywe mara moja, wakati neno linapotoka katika maandishi yanayopita na kuingia katika hifadhi ya kudumu.

(c) Kila mahali programu ya C inapotazama mbele, mpaka uandikwe waziwazi. Hitilafu isizimwe kwa kuruka neno.

(d) Sehemu zinazobadilisha maandishi yalipo, kama amri ya `strtok` inayochomeka sifuri katikati ya sentensi ili kuyatenga maneno, zisifasiriwe mstari kwa mstari. Zibuniwe upya kwa kurudisha mwanzo na mwisho wa kila neno.

(e) Programu zote mbili, ya zamani na mpya, zipewe maandishi yaleyale, na orodha zao zilinganishwe neno kwa neno. Maandishi ya majaribio yawe na majina yanayoishia kwa konsonanti, alama zote mbili za *ng'*, na ukurasa mmoja angalau wa herufi za Kiarabu.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba taabu ya kuhamisha programu za maandishi haitokani na ugumu wa amri zake, bali inatokana na mambo ambayo lugha ya awali iliyaacha bila kuyasema. C haikusema nani anamiliki, wapi ni mwisho, wala herufi ni nini, ilimwachia mwandishi. Kila lugha iliyofuata imeyasema baadhi ya hayo kwa namna yake, na yenyewe yaweza kuubadilisha usemi wake, kama Java ilivyofanya mwaka 2012. Anayefasiri maneno ya programu bila kuyafasiri yaliyonyamaziwa atapata programu inayofanana na ya kwanza kwa sura tu. Kwa kuwa hesabu za msamiati wa Kiswahili hutoka katika programu hizo, ni wajibu wa idara za lugha kuzikagua kwa uangalifu uleule wanaoutumia kukagua tafsiri ya kitabu.